Prado imeinuliwa na sasa inasumbua: anzia wapi?

Hii ni ya wenye Prado hapa Nairobi, 120 na 150 hasa manake ndo zimejaa, ila mwenye Surf ama Fortuner anaweza kufuata karibu kila kitu. Kama uko na X-Trail ama Forester soma ile ya matope, maji na joto, ya springi achana nayo, hizo gari zimeundwa tofauti kabisa na ukiziinua kama Prado unajitafutia shida tu.

Kabla hujafungua boneti ama kupigia fundi, jibu maswali mawili. Ilianza lini? Na kabla ianze, nini kiliguswa ama ulipita wapi? Nauliza hivi juu kwa gari iliyobadilishwa ugonjwa na maumivu hukaa mbali mbali: umeinua mbele, usukani ndo unalalamika, umeweka tairi kubwa, breki ndo zinachoka, umevuka mto Jumamosi, beringi inaanza kulia mwezi ujao. Ukifika gereji ukasema tu "gari inatetemeka" utabadilishiwa vitu vizima kabla mtu afikirie kuangalia ndani ya rimu. Ukisema "ilianza Jumapili jioni tukitoka Suswa na kulikuwa kumenyesha", fundi anayejua kazi tayari ameshajua pa kushika kwanza.

Na anza na vitu vya bure. Vya bure ni vingi kuliko unavyodhani.

Inatetemeka kwa lami

Kama ulienda ikiwa sawa na ikaanza ukirudi, na ulipita ule udongo mweusi wa blakikotoni wa kina Kitengela na Isinya, usinunue chochote bado. Huo udongo unanata ndani ya rimu, ule upande hauonekani, unakaukia huko, na ukifika lami ukigonga 70 hivi usukani unatetemeka vibaya mpaka unafikiri gurudumu linachomoka. Kijana wa kuosha gari atapiga maji nje, rimu ing'ae, akuambie tayari bosi. Haijakuwa tayari. Ingiza mkono ama kijiti nyuma ya gurudumu, toa kila donge, magurudumu yote manne, halafu rudi barabarani ujaribu. Mara nyingi inaishia hapo na hujatoa hata shilingi.

Ikiendelea, sikiliza inatetemekea wapi. Ikiwa kwa usukani, tatizo liko mbele: risasi ya balansi imetoka kwa mawe, rimu imejikunja, ama tairi imeanza kutoka tumbo ndani (piga mkono kuzunguka tairi yote, ukiskia uvimbe hiyo tairi imekwisha, usiende nayo Naivasha). Ikiwa kwa kiti na sakafu, nenda nyuma ama katikati. Ikitokea tu ukikanyaga breki, ni diski. Ikitokea tu ukikanyaga mafuta na kuisha ukiachilia, na ilianza baada ya kuinua, hapo ndo kuna kazi kidogo.

Manake Prado mbele kila gurudumu linajitegemea, difu (ile boksi ya gia inayogawia magurudumu nguvu) imefungwa kwa chesisi, kwa hivyo ukiinua mwili difu inapanda nao lakini magurudumu yanabaki chini, na zile ekseli mbili za kutoka difu zinalala kwa pembe kali kuliko zilivyopangiwa. Kwa inchi mbili, yaani milimita 50, zinavumilia. Ukienda inchi tatu juu ulitaka ionekane kama ya mashindano, zinatetemeka, buti za mpira zinapasuka, grisi inarushwa ndani ya rimu. Kuna spesa za kushusha difu kidogo, zinasaidia, lakini kwa maoni yangu dawa ni kurudi inchi mbili. Nyuma ni hadithi nyingine, kule ni ekseli moja nzima, ukiinua sana propela (ile bomba ndefu inayopeleka nguvu kwa difu) inabadilisha pembe na zile krosi zake, jointi za kila mwisho, zinaanza kulalamika. Tingisha propela kwa mkono gari ikiwa imezimwa, imewekwa mawe magurudumuni na gia iko N. Isicheze juu chini hata kidogo.

Usukani unazurura

Hii ndo dalili namba moja baada ya kuinua na ndo inayotibiwa vibaya zaidi. Uko Southern Bypass, 90, upepo kidogo, gari inatafuta leni yake yenyewe, ukikata kona usukani haurudi katikati vizuri. Umeipeleka alainmenti (kupima na kunyoosha pembe za magurudumu) mara mbili na bado.

Sababu mara nyingi ni kasta. Ni ule mlalo wa mhimili gurudumu linaozungukia ukikata kona, juu ukilalia nyuma, ukiangalia gari kutoka ubavuni, ndo unafanya usukani ujirudishe wenyewe. Ukiinua mbele kasta inapungua. Sasa alainmenti nyingi za mjini wanarekebisha kitu kimoja tu, kama tairi zinaangalia ndani ama nje, wanakupa karatasi na unalipa. Iangalie hiyo karatasi. Tafuta kasta ya kushoto na ya kulia. Kwa Prado iliyoinuliwa unataka ifike digrii 3 hivi, na pande mbili zikaribiane, ukiona 1 na kitu usishangae gari kuzurura. Mwambie fundi azungushe zile bolti za mkono wa chini unaoshika gurudumu, ndo kasta na kamba (camber, mlalo wa tairi ukiangalia gari kutoka mbele) zinapatikana hapo, na kama gari ilikuja Japan kitambo ama ilikaa Mombasa jiandae, zile bolti hushikana na bushi kwa kutu mpaka zinakatwa. Hiyo ni siku nzima ya kazi, usimkasirikie fundi.

Zikizungushwa mpaka mwisho na kasta bado haitoshi, hapo ndo unanunua mikono ya juu ya kubadilisha, ile iliyotengenezewa gari zilizoinuliwa. Si kabla. Watu wananunua mikono ya juu kwanza juu inapendeza ikiwa na rangi, halafu hawafanyi alainmenti.

Kama hujainua chochote na usukani unazurura, angalia upepo wa tairi kwanza (umesahau kujaza ukitoka porini, hutokea sana), halafu tairod, bol jointi, na bushi za stering raki. Na nyuma usisahau ule mtaimbo mrefu unaoshika ekseli isiende kando, bushi zake zikiisha gari inapiga mkia kila ukivuka bampsi. Ukiinua nyuma, huo mtaimbo unavuta ekseli upande mmoja kidogo. Pima kutoka tairi hadi madigadi kushoto na kulia, tofauti ndogo ni kawaida, ikiwa kubwa tafuta mtaimbo wa kurekebishika.

Inarukaruka ama inalala mbele

Springi huchaguliwa na uzito gari inaobeba kila siku, si uzito wa safari moja ya Disemba. Umeweka bulbaa ya chuma, winchi, betri ya pili, na springi za kawaida: mbele inalala ndani ya mwaka. Umeweka springi za mizigo mizito nyuma na gari inabeba wewe na laptopu kwenda Upper Hill: nyuma inaruka kila shimo na mgongo unaumia, na utalaumu shokabsoba bure.

Shokabsoba unazipima hivi. Endesha barabara mbovu ile ya mikunjo mikunjo dakika ishirini bila kupumzika, simama, pitisha mkono karibu na kila moja. Karibu tu, usikamate, zinaweza kukuchoma. Inayofanya kazi inapata joto. Ikiwa tatu ni moto na moja imepoa, hiyo iliyopoa imekufa hata kama haivuji. Njia hii haihitaji mashine na sijaona fundi akibishana nayo. Na kama unanunua mpya kuwa mwangalifu, boksi nzuri na stika si ushahidi, kuna bandia nyingi mjini, nunua mahali watakupa risiti yenye jina na watakubali kurudishiwa.

Kama Prado yako ni ile inayotumia mifuko ya hewa kule nyuma badala ya springi, usiweke spesa ya kuinua ukitegemea itakaa. Sensa ya kimo itaona gari iko juu na itashusha. Wengi hapa wanang'oa ile mifuko wanaweka springi za kawaida na wanaishi kwa amani.

Tairi inagusa

Saizi ya kiwanda kwa nyingi ni 265/65R17. Ukiweka 265/70R17 kimo cha tairi kinaongezeka milimita 26 hivi, na gari inapanda nusu ya hiyo, 13 tu. Hiyo kwa kawaida inaingia bila vita. Ile 285/70R17 ndo inawavutia vijana, inaongeza milimita 54 na inagusa: ukikata usukani wote inakwaruza plastiki ya nyuma ya tundu la gurudumu, ama ile sehemu ya chesisi inayoshika bodi hapo nyuma ya tairi. Ukisikia mkwaruzo ukirudi nyuma huku umekata kona, ndo hapo. Watu wanakata chuma na kuchomelea upya. Inawezekana, lakini unakata sehemu inayobeba bodi, mpe anayejua kuchomelea, si yule wa mageti.

Halafu kuna ule mkwaruzo unaotokea tu mkiwa wanne na mizigo. Huo ni springi imechoka, tairi haina kosa.

Tairi kubwa inadanganya spidomita pia. Kwa 285/70, ikisoma 100 wewe uko 107 hivi, na zile kamera za barabarani hazijali ulibadilisha tairi lini. Gari pia inakuwa nzito kuondoka, hasa 2.7 ya petroli, ambayo kusema ukweli hapa Nairobi mita 1,700 juu ya bahari tayari injini inapumua hewa nyepesi. Kwa hivyo ukilalamika kwamba "injini imepoteza nguvu" wiki moja baada ya kuweka tairi za matope za inchi 33, injini haina neno. Tairi ndo zimeongezeka uzito.

Kelele: jua inatoka wapi kabla ununue

Tak-tak-tak ukikata kona yote na kukanyaga mafuta: jointi ya ekseli ya mbele. Angalia buti, ikiwa imepasuka na bado haijaanza kulia, badilisha buti na grisi mapema, ni pesa kidogo. Ikishaanza kulia mchanga umeshaingia.

Mngurumo unaoongezeka na kasi: ama tairi ama beringi. Ukiyumbisha gari kidogo kushoto na kulia barabara ikiwa tupu, mngurumo ukibadilika ni beringi ya upande unaobeba uzito. Usipobadilika kabisa ni tairi za matope na utazoea, ama utaziuza.

Ukipita changarawe halafu ghafla kinasikika chuma kinakwaruza kila gurudumu likizunguka, sauti ya kutisha kabisa: jiwe dogo limeingia kati ya diski na lile bati nyuma yake. Rudi nyuma mita chache, mara nyingi linaanguka. Likikataa pinda bati kidogo na bisibisi, litoe, usiende gereji ya breki kwa jiwe.

Kong! moja ukisimama kwa taa, kama mtu amekugonga polepole kutoka nyuma, ama ukianza kuondoka. Toyota nyingi zina hii. Ni ile sehemu ya propela inayoteleza ndani na nje, imekauka. Kuna nipo ya grisi hapo na zingine kwenye krosi, na sevisi nyingi wanazipita kwa sababu ziko chini na zimejaa matope. Piga grisi. Lakini hii ya kuteleza usijaze kwa nguvu mpaka propela inyooke, grisi ikijaa hakuna nafasi ya kurudi ndani na unapeleka msukumo kwa giaboksi na difu. Ukiona propela inaanza kujisukuma nje, acha.

Ukivuka maji ama matope mazito, hizo nipo zote zipigwe tena, grisi mpya isukume maji ya zamani nje.

Joto inapanda

Mteremko wa Magadi ni mtihani mzuri. Ukienda unashuka tu, gari imetulia. Ukirudi unapanda zaidi ya mita 1,000 mpaka Kona Baridi, jua liko juu, eyakoni imewashwa, na mshale unaanza kutembea.

Zima eyakoni, washa hita mpaka mwisho na feni ya ndani (ndio mtasikia joto, vumilieni), shuka gia, usiendeshe kwa kulazimisha gia kubwa. Ikiendelea kupanda simama mahali salama, acha injini iwake bila kukanyaga mafuta dakika kadhaa, halafu zima. Mfuniko wa redieta usiuguse ikiwa moto, hata kama abiria mmoja anasema anajua.

Sasa sababu. Ikipata joto kwa mwendo wa polepole tu na kupoa kwa haiwei, shida ni feni. Hizi injini nyingi za Prado feni inaendeshwa na klachi yake ya mafuta mazito, ikichoka feni inazunguka kivivu. Injini ikiwa moto na imezimwa kabisa, sukuma feni kwa mkono: ikizunguka yenyewe mizunguko mingi bila ukinzani, klachi imekwisha. Ikipata joto kwa kasi na kwa mlima, shida ni redieta ama maji yanavyozunguka. Na hapa kuna kitu cha kwetu kabisa, mbegu za nyasi. Ukipita Kajiado ama Mara nyasi zikiwa refu, mbegu zinaingia zinajaa kati ya kondensa ya eyakoni na redieta, mahali huoni ukisimama mbele ya gari. Toa bolti za juu za redieta, itenganishe kidogo, angalia na tochi. Pulizia hewa kutoka upande wa injini kwenda mbele, si kinyume chake, ukipulizia kutoka mbele unazikandamiza ndani zaidi. Kama unapita nyasi sana funga wavu mwembamba mbele kwa safari, na uukumbuke kuutoa ukirudi.

Halafu angalia zile taa kubwa ulizopanga mbele ya grili. Taa nne za duara zinapendeza lakini zimekaa pale hewa ilikuwa ipite.

Kitu kingine, maji ya mfereji. Nairobi maji yanachemka kwa nyuzi 94 ama 95 hivi juu ya mwinuko, si 100. Kinachozuia redieta kuchemka ni kulanti pamoja na presha ya mfuniko. Ukiwa na maji matupu na mfuniko uliolegea, uko karibu na kuchemka kila siku na hujui. Mfuniko mpya ni bei ya chakula cha mchana, badilisha kabla ufikirie kubadilisha redieta. Ila ukiona mapovu yanatoka kwenye tanki dogo injini ikiwa imewashwa, ama maji yanaisha na hayavuji popote, acha kujaribu vitu vidogo vidogo, hiyo inaweza kuwa gasketi ya silinda hedi na ukiendelea kuendesha unaua hedi yenyewe.

Kwa otomatiki kuna joto lingine ambalo mshale hauonyeshi, la giaboksi. Ukikaa kwa mchanga ama matope kwa gia za kawaida ukikanyaga sana, mafuta ya giaboksi yanachemka. Ikiwaka taa ya joto la mafuta simama, weka N ama P, injini ikiwa imewashwa, mpaka hiyo taa izime. Na ukipanda mlima mkali polepole tumia L4 (zile gia nzito za chini), iliwekwa kwa hiyo kazi, si ya kukwamuliwa tu.

Umevuka maji

Toyota wameipa Prado 150 kina cha milimita 700 cha kuvuka, karibu usawa wa juu ya tairi kidogo chini, na hiyo ni kwa maji yaliyotulia. Mto unaokwenda ni kitu kingine, tumeona kila mwaka vile mafuriko hubeba gari kubwa kuliko Prado. Usipouona mwamba wa chini, na hakuna mtu ametembea ndani kwanza, rudi.

Injini ikizima ndani ya maji, usiwashe tena. Hata mara moja. Maji hayakandamiziki, yakiwa ndani ya silinda na ukapiga stata unakunja koni rodi. Ivutwe nje, fungua boksi la kichujio cha hewa. Kichujio kikiwa kikavu kuna matumaini. Kikiwa kimelowa toa plagi, ama kwa dizeli plagi za kupasha ama nozeli, zungusha injini itapike maji kwanza, halafu badilisha oili. Snokeli (bomba la kuvutia hewa kutoka juu) inasaidia, ila kwa vumbi la Magadi inasaidia zaidi kuliko kwa maji, na ile ya bei rahisi isiyozibwa vizuri pale inapoingia kwa boksi ni pambo tu.

Dalili inayochelewa ni ile ya difu. Difu ikiwa moto, ukaiingiza kwa maji baridi, hewa ndani inajikunja na inavuta maji kupitia tundu la kupumua ama sili. Hutaskia kitu siku hiyo. Fungua bolti ya kujazia wiki hiyo hiyo uchukue mafuta kidogo na kidole: yakiwa rangi ya chai ya maziwa, mwaga yote, weka mapya, endesha kidogo, mwaga tena. Giaboksi na transfa (boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma) nazo ziangaliwe. Halafu unganisha hayo matundu ya kupumua na paipu ndefu za mpira mpaka juu kwa injini, kazi ya saa mbili na paipu za bei ndogo, na ningeifanya kabla ya springi, kabla ya taa, kabla ya karibu kila kitu watu huanza nacho.

Taa za dashibodi na 4WD isiyoshika

Prado inavuta magurudumu manne wakati wote, kwa hivyo ukiwa nayo kwa matope na gurudumu moja linazunguka hewani huku mengine yamelala, gari haijaharibika, hujafunga difloki ya katikati (ile ya kufunga mbele na nyuma zizunguke pamoja). Ifunge kabla ya kuingia matope, si baada ya kukwama. Ukiifunga kwa nyingi ya hizi gari taa ya VSC (mfumo wa kuzuia gari kuteleza) itawaka, hiyo ni kawaida, mfumo unajizima.

Taa ya difloki ikipepesa bila kukaa: inajaribu kuingia. Endesha mbele polepole huku ukiyumbisha usukani kidogo, kwa changarawe. Ikikataa kabisa na gari haijawahi kutumia difloki tangu itoke Japan, ile mota ndogo imeshikana kwa kukaa. Wakati mwingine kuingiza na kutoa mara nyingi inaiachilia, wakati mwingine ni kuifungua na kuisafisha. Baadaye iingize angalau mara moja kwa mwezi hata kama ni barabara ya vumbi ya ushago. Ikikataa kutoka ukishafika lami, na gari inajikaza kona, usilazimishe, rudi nyuma mita kadhaa ukiwa moja kwa moja, msongo unaachia.

Taa ya ABS na VSC zikiwaka pamoja baada ya safari, usikimbilie kompyuta ya gari. Angalia waya wa sensa kwenye kila gurudumu, matope na vijiti huvuta, na kama gari iliinuliwa karibuni huo waya unaweza kuwa umevutika mpaka mwisho usukani ukikatwa. Zikiwaka baada tu ya alainmenti, mara nyingi sensa ya usukani inataka kupewa sufuri upya, mashine ya dakika chache.

Na kama taa zote ziko sawa na bado gari inakwama kila mara: ni upepo. Kwa blakikotoni na mchanga punguza mpaka 18 ama 20 psi, mawe 22 hivi, kwa mikunjo 26. Usishuke chini ya 15, tairi itatoka kwa rimu. Blakikotoni ikilowa hata Prado ya milioni ngapi inakaa chini, tairi za kawaida zinajaa zinakuwa laini kabisa, na udongo unajipanga kwa tundu la gurudumu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Ukiskia injini inavuta na gari haiendi, shuka ukwangue, usiendelee kukanyaga. Wenye kujua Mara wanabeba minyororo ya tairi na wanakucheka wewe mwenye winchi isiyo na mti wa kufungia.

Ukivutwa, kamba isifungwe kwa mpira wa trela. Ukikatika unapita kwenye kioo kama risasi na umeua watu. Zile hook nyembamba za chini zilikuwa za kufungia gari kwa meli, nazo pia usiziamini kwa kuvuta kwa kasi.

Breki laini

Ukishuka eskapmenti ya Mai Mahiu ukikanyaga breki njia yote, pedeli inazama na kuna harufu. Breki zimechemka, simama, acha zipoe bila kuvuta handibreki, na kuanzia hapo shuka na gia. Ikirudi sawa baridi lakini inazama tena kila mteremko, mafuta ya breki yamevuta unyevu, hayo yabadilishwe kila miaka miwili hata kama yanaonekana masafi. Tairi kubwa inaongeza kazi kwa breki zile zile, hilo hakuna pedi ya rangi nyekundu italibadilisha.

Handibreki isiyoshika baada ya matope ni kitu kingine: nyuma ya diski kuna dramu ndogo na inajaa udongo. Itolewe, ioshwe, ifanyiwe marekebisho.

Harufu ya kuungua na hakuna kinachovuja

Lala chini uangalie juu ya ekzosi. Nyasi kavu zinajikusanya pale na kwenye bati za kukinga. Hatari zaidi ni dizeli za 2.8 za kutoka Japan, za kuanzia 2015, zenye kichujio cha masizi: kikijisafisha kinapata joto kali sana, na gari zinazoshinda kwa foleni ya Mombasa Road hazikipi nafasi ya kukamilisha, kwa hivyo unaweza kuegesha juu ya nyasi kikiwa bado na hilo joto. Ukiona taa yake ikiwaka mjini, ipeleke haiwei kwa mwendo wa kutulia mpaka izime kabla ya safari. Ukiwa porini egesha palipo na udongo mtupu, toa nyasi kila mkisimama, na zimamoto iwe ndani karibu na dereva, si chini ya mizigo.